Kasa Wamehesabiwa, Wavuvi Je?

Makamanda, kuna kikao kimoja nilihudhuria mwezi uliopita, hakijanitoka kichwani. Mtaalamu mmoja alikuwa anatuonyesha kwenye projekta namna kipande cha pwani kinavyotathminiwa kabla ya kupendekezwa kiwe hifadhi ya taifa. Kazi yenyewe nzuri tu, sitaki kumsingizia mtu. Mikoko imepimwa, fukwe wanazotagia kasa zimewekewa alama, ndege wamehesabiwa, mapito ya wanyama yamechorwa. Halafu ikaja safu ya mwisho, kichwa chake VITISHO. Chini yake: uvuvi, ukataji kuni, makazi.

Makazi! Yaani bibi anayeanika uduvi mbele ya nyumba yake naye ni kitisho.

Nikanyoosha mkono, nikauliza wenye hayo makazi wameulizwa lini. Nikajibiwa eti wadau watashirikishwa hatua za mbele. Hatua zipi? Ramani imeshachorwa, mipaka imeshapendekezwa. Ukimwita mtu baada ya hapo hujamshirikisha, umempa taarifa.

Tusiende mbali, tuangalie Saadani. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, baada ya kuwa pori la akiba kwa miongo kadhaa. Ndiyo hifadhi pekee chini ya TANAPA inayogusa Bahari ya Hindi, na matangazo ya utalii hayachoki kutuambia hivyo. Kisichotangazwa ni Uvinje. Uvinje ni kitongoji cha wavuvi cha kijiji cha Saadani, kipo hapo hapo ufukweni. Wazee wa pale wanashikilia kwamba wao ndio walioikubali hifadhi ya mwanzo, kwa makubaliano kuwa ardhi yao inabaki yao. Hifadhi ilipopandishwa hadhi, mamlaka ikasema ufukwe ule ni wake. Miaka mingi ya mgogoro ikafuata, na katika miaka hiyo mtu hajui ajenge choo cha matofali au aendelee na makuti, maana hajui kesho atakuwa raia au mvamizi.

Sasa sheria inasemaje? Hapa naomba mnivumilie kidogo.

Hifadhi ya taifa inatangazwa na Rais kwa ridhaa ya Bunge, chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Ikishatangazwa, hata kuingia tu kunahitaji kibali. Lakini kama ardhi inayochukuliwa ni ya kijiji, kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Someni kifungu cha 4. Kinataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kinataka halmashauri ya kijiji ipelekewe, kinawapa wanakijiji nafasi ya kusema. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano huo. Na ardhi haihamishwi mpaka fidia ikubaliwe: aina yake, kiasi, itakavyolipwa na lini.

Mmeona mtego? Karibu hifadhi zote za taifa zinazidi hekta 250. Maana yake kijiji kinapopoteza kidogo kina kura, kinapopoteza kila kitu kina "mapendekezo". Hicho ndicho kipengele ambacho chama chetu kinapaswa kukipigania, badala ya kusubiri tingatinga lifike ndipo tuandike mtandaoni.

Wenzetu wa upande wa pili watasema Bunge lipo, linajadili. Sawa. Mwaka 2019 peke yake hifadhi za taifa zilitoka 16 zikafika 22, zote kwa azimio la Bunge. Mimi nauliza tu: katika yale maazimio, mbunge gani alisimama na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji mkononi?

Na mwaka huo huo, Januari, Rais Magufuli alisimamisha zoezi la kuwaondoa watu kwenye vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, ikaundwa kamati ya mawaziri wanane. Watu walishangilia, na sikuwalaumu, hata mimi ningeshangilia. Lakini hiyo ilikuwa hisani. Hisani ya mkubwa inategemea ameamkaje. Juni 2022 wenzetu wa Loliondo walipigiwa vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500, wakaona rangi nyingine ya serikali ile ile.

Msinielewe vibaya. Wanaopiga baruti wametuharibia matumbawe, na wengine ni vijana wa rika letu, tusijifanye hatuwajui. Pwani inahitaji kulindwa. Ila tangu mwaka 1994 tuna Sheria ya Hifadhi za Bahari, Namba 29. Kwa sheria hiyo Mafia ikawa hifadhi mwaka 1995, na vijiji vimo ndani mpaka leo, watu wanavua kwa masharti. Si peponi. Wavuvi wa Mafia na wa Mnazi Bay wana malalamiko yao mengi, na baadhi ni ya haki kabisa. Lakini mvuvi anayelalamikia ukubwa wa matundu ya wavu wake bado ana nyumba ya kurudi jioni. Kwa nini basi kila ufukwe wenye watu upimwe kwa rula ya Serengeti?

Kwa hiyo, wenzangu wa Pangani, Kilwa, Lindi na Mtwara: mkisikia kuna wataalamu wanapita na vifaa vya kupimia, msiwafukuze. Wakaribisheni, wapeni maji ya madafu. Kisha nendeni kwa mtendaji mkaulize kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, mkione kwa macho, mpige picha kurasa zote pamoja na ramani ya mipaka. Dai mkutano mkuu uitishwe, muhtasari uandikwe, mahudhurio yasainiwe, akina mama wanaoanika uduvi wawemo. Nakala moja ibaki kijijini. Nyingine tuleteeni sisi wanafunzi wa sheria ndani ya chama. Tuko tayari kuisoma bure.