Mtangazaji, acha gitaa limalize kusema

SIKIO LA MTAA
Na Idrisa Pazi

Jumapili mchana kila redio ina kipindi chake cha zilipendwa, na karibu zote zina ugonjwa mmoja. Wimbo unaanza, mwimbaji anamaliza ubeti wa pili, magitaa yanaanza kushikana, mara mtangazaji huyo anaingia: anataja saa, anamsalimia shemeji yake wa Tandika, anatukumbusha mdhamini wa kipindi ni nani. Akimaliza anaweka wimbo mwingine. Nao anaukatia palepale.

Kwa muziki wa dansi, ukikata hapo umemwaga nyama ukabaki na mchuzi. Maneno yanatangulia kueleza kisa. Utamu, na mara nyingi hukumu yenyewe, viko kwenye chemko, pale waimbaji wanapowapisha wapigaji.

Tuanze na wimbo ninaoupenda kuliko nyingi, Sina Makosa wa Les Wanyika. Vijana wale walijitenga na Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978, na wimbo huu ukawatangaza Afrika Mashariki nzima. Kisa chake mnakijua: wanaume wawili, kila mmoja na mke wake nyumbani, wanagombana juu ya mwanamke ambaye si wa huyu wala si wa yule. Mwimbaji anajitetea. Kama ningesikiliza maneno peke yake ningemtia hatiani asubuhi na mapema, maana kosa la mwenzio haliwi ruhusa yako. Lakini maneno yakitulia, besi ya Tom Malanga inaendelea na safari yake bila haraka, gitaa la ridhimu la Omar Shabani linarudia jambo lilelile bila kuchoka, na saksafoni inaingia kama mtu aliyealikwa. Hakuna anayepaza sauti. Ugomvi wote ule unayeyuka, na mimi niliyekuwa nimeshaandika hukumu najikuta natikisa kichwa. Sijui wakili gani angemtetea vizuri zaidi. Ukate wimbo huo baada ya beti, utabaki na mzinzi anayejieleza.

Kwa Mbaraka Mwinshehe hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye alikuwa mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Tangu enzi za Morogoro Jazz hadi Super Volcano aliyoiunda baada ya kuondoka huko mwaka 1973, sauti yake inasema na gitaa lake linajibu. Msikilize katika Shida: sauti ikinyamaza, mazungumzo hayajaisha, ila amebadilisha chombo cha kuzungumzia. Ukimkata pale unakuwa umempiga nusu Mbaraka. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 34. Solo nyingine hatupati. Hizi alizotuachia tunazifupisha ili tusikie tangazo la mkopo wa haraka.

Kuna watakaosema huo ni ugonjwa wa kizazi cha simu. Si kweli, ni wa zamani. Neema wa Mlimani Park, yaani Sikinde, utunzi wa Cosmas Chidumule, niliufahamu kwa kaseti tuliyorekodi nyumbani kutoka redioni, tukiwa tumewaziba watoto midomo ili wasiharibu. Chemko ilipokolea tu, tarumbeta zikiwa zimeshapanda, mtangazaji akaingia kutujulisha kuwa taarifa ya habari inafuata. Kaseti ile tuliisikiliza mpaka ikaanza kuyumba. Hadi leo wimbo huo ukipigwa harusini, tukifika sehemu ile wenzangu wanainuka kwenda kumtunza mwimbaji, mimi nasubiri habari.

Tofauti ni kwamba siku zile waliotengeneza santuri walijua thamani ya sehemu ya pili. Sahani ndogo ya mizunguko 45 ilibeba dakika tatu au nne kila upande, na dansi la kwetu halikuenea humo. Badala ya kuukata wimbo, viwanda vya Nairobi viliugawa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Baba mdogo wangu alikuwa na rundo la sahani hizo, na mtoto hakuruhusiwa kuzigusa. Sauti ilififia, akainuka, akaishika sahani kwa ncha za vidole, akaipuliza vumbi, akaigeuza. Waliokuwa wakicheza walisimama hapohapo katikati ya sebule, mikono bado imeshikana, wakingoja sindano itue. Nilizirithi baadhi ya sahani zile. Upande wa pili ndio wenye mikwaruzo zaidi karibu katika zote, kwa sababu ndio uliorudiwa. Sihitaji ushahidi mwingine kujua wazee wetu walikuwa wanafuata nini.

Nikiulizwa albamu ya kuisikiliza mwanzo hadi mwisho bila kuruka kitu, nataja Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1989. Mzaliwa huyu wa Kongo, ambaye jina lake mpaka leo makonda wa daladala wanaliita kama kituo kule Sinza, alikuwa mhubiri wa wanyonge. Mhubiri anahitaji muda. Katika Muziki Asili Yake Wapi magitaa yanasukuma hoja kidogokidogo, na hoja inakukolea ukiwa tayari unacheza.

Na hili si la dansi pekee. Albamu ya Profesa Jay, Machozi, Jasho na Damu, ya mwaka 2001, haina chemko hata moja, lakini chukua Ndio Mzee. Mwanasiasa yuko jukwaani anaahidi, umati unaitikia. Ahadi za mwanzo ni zilezile tulizozizoea, unaweza hata kuziamini. Kisha zinapanda ngazi, zinapanda tena, hadi zinafika mwezini, na umati bado unaitikia. Mzaha wote uko katika kule kupanda. Ukiucheza wimbo huo dakika moja na nusu, umempigia mgombea kampeni ya bure.

Najua utetezi wa watangazaji. Redio inaishi kwa matangazo, na vijana hawana subira. La kwanza nalikubali, mshahara haulipwi kwa chemko. La pili linataka kuangaliwa. Ni kweli biashara ya leo inaharakisha mambo: Spotify huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa mara tu zinapofika sekunde 30, kwa hiyo msanii anakimbilia kuweka kiitikio mlangoni kabla msikilizaji hajatoroka. Lakini nenda ukumbi wowote wa starehe Ijumaa usiku usikie amapiano kutoka Afrika Kusini. Wimbo mmoja dakika sita, saba, ngoma ya besi inazunguka muda mrefu kabla mtu hajafungua kinywa, na vijana haohao wasio na subira wamejaa katikati ya ukumbi, hawabanduki. Wanachokosa ni mtu wa kuwapigia vya kwao kwa ukamilifu huohuo.

Sahani ya 45 haikuwa na nafasi, ikatafuta njia. Sisi tuna mitambo isiyo na kikomo cha dakika, na tumechagua kuwa na haraka. Tunawafundisha watoto kwamba nyimbo za bendi kama Sikinde na Msondo ni za kuanza tu, halafu tunashangaa wanapoziona za kizee na hazina mchezo. Mchezo wenyewe hawajawahi kuusikia.

Kwa hiyo ombi langu kwa waandaaji wa vipindi vya zilipendwa ni la hesabu ndogo. Katika saa moja mnapiga vipande kumi na viwili. Pigeni nyimbo sita nzima. Matangazo wekeni katikati ya wimbo na wimbo, tutayasikiliza, tena kwa adabu. Salamu za shemeji pia tutazivumilia. Na siku mkikosa muda kabisa, rukeni beti, anzeni na chemko. Maneno wengi wetu tunayajua kwa moyo, tutajiimbia wenyewe.