Shimo la utafiti lizibwe



Wilayani Ngara miamba imechorongwa tangu miaka ya 1970, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipotafuta nikeli huko Kabanga. Kampuni zikabadilika, uchorongaji ukaendelea. Siupingi utafiti. Ninauliza tu: mitambo ikiondoka, mashimo yanazibwa?

Wengi hudhani shimo jembamba, la upana wa kiganja, halina madhara. Huwekewa jiwe, watu wakalima pembeni. Lakini shimo hilo huweza kushuka mamia ya mita. Masika yakifika, maji ya mvua hubeba kinyesi cha mifugo na cha watu, yakaingia humo bila kuchujwa na udongo, hadi kwenye maji yanayolisha chemchemi zetu. Sisi wauguzi tunaujua mwisho wake: watoto wanaoharisha, na homa ya matumbo. Na dimbwi la tope la kuchorongea, lisipofukiwa, huzaa mbu. Mtoto mdogo anaweza kuzama humo.

Jiwe si kizibo. Shimo hujazwa uji wa saruji kuanzia chini kwenda juu, bomba likakatwa chini kuliko jembe linapofika, kisha udongo wa juu, uliotengwa tangu siku ya kwanza, ukarudishwa. Ukichanganywa na ule wa chini, migomba haistawi.

Kwa maoni yangu, fidia ya mazao isiwe mwisho wa mambo. Fedha hiyo huisha upesi. Mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji wayahesabu mashimo yakichorongwa, na wayakague tena moja moja kabla mitambo haijaondoka.