Kikaratasi cha dawa kijaribiwe katika kila lugha

Wengi wetu katika fakulte ya lugha tunadhani usalama wa dawa ni kazi ya waganga na wanakemia peke yao. Historia ya Ulaya inaonyesha kwamba ni kazi yetu pia.

Mwaka 1957 dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi kwa jina la Contergan, bila kuhitaji karatasi ya mganga. Ilitangazwa kuwa haina hatari. Wanawake wajawazito waliimeza, na maelfu ya watoto wakazaliwa na viungo visivyokamilika. Iliondolewa sokoni mwishoni mwa 1961. Baada ya msiba huo, nchi za Jumuiya ya Ulaya zilitunga mwaka 1965 sheria yao ya kwanza ya pamoja juu ya dawa.

Polepole sheria zikafika kwenye maneno yenyewe. Leo dawa huuzwa na kikaratasi cha maelezo katika lugha rasmi ya nchi. Ubelgiji inadai lugha tatu: Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani. Tangu marekebisho ya 2004, kikaratasi hicho hujaribiwa na wasomaji. Watu wapatao 20 huulizwa: kipimo kimeandikwa wapi? Ukisahau kumeza, ufanye nini? Lengo ni kwamba asilimia 90 waone jibu, na asilimia 90 ya hao walielewe.

Ninausifu utaratibu huo, lakini una tundu kubwa. Jaribio linaruhusiwa kufanywa katika lugha moja tu. Lugha nyingine, kati ya 24 za Umoja wa Ulaya, hupewa tafsiri ambayo hakuna mgonjwa aliyeulizwa kama ameielewa.

Hapo ndipo sikubaliani. Chukueni neno la Kifaransa «fréquent». Katika kikaratasi lina maana maalum: madhara yanayoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10. Msomaji asiyejua hesabu hiyo anaweza kudhani ni karibu kila mtu, akaogopa na kuacha dawa. Sasa tulitafsiri kwa Kiswahili: «madhara ya kawaida». Hatari inageuka upande wa pili, maana kwetu jambo la kawaida ni jambo lisilohitaji wasiwasi. Mgonjwa atavumilia upele uliopaswa kumrudisha kwa mganga. Kamusi haitaona kosa lolote. Ni msomaji tu anayeweza kulifichua.

Watengenezaji watajibu kwamba kujaribu katika lugha zote ni gharama na kunachelewesha dawa. Ni kweli. Lakini si lazima kujaribu kikaratasi kizima. Sehemu zenye hatari ni chache: kipimo, muda wa kumeza, nani asiitumie, na dalili zipi zimrudishe mgonjwa hospitali. Hizo zijaribiwe kila mahali.

Nasi Wakongomani tusitazame tu kwa mbali. Katiba yetu ya 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Tukiiga kanuni ya Ulaya ya «lugha rasmi» jinsi ilivyo, mama asiyesoma Kifaransa atabaki na karatasi isiyomwambia kitu.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo ambalo fakulte yetu inaweza kulianza bila kungoja serikali. Mwanafunzi anayetafuta somo la kazi yake ya mwisho achukue kikaratasi kimoja cha dawa ya malaria, akitafsiri katika Kiswahili kinachosemwa hapa, mfarmasia akihakikishe, kisha aketi na watu 20. Asiyejua kusoma asomewe. Aandike kila neno lililowakwaza, alibadilishe, na awaulize wengine tena. Walimu wetu waihesabu kazi hiyo kuwa isimu kamili, kwa sababu ndivyo ilivyo.