Bastola Kiunoni Yataka Hadhari

Mtu aliyepewa leseni ya kumiliki bastola, akaichukua kiunoni kwa nia ya kuihami nafsi yake na ahali yake, amejitwika dhamana kubwa mbele ya Mola wake na mbele ya jirani zake. Nayo dhamana hiyo aghalabu huharibika kwa mambo madogo ambayo wengi huyadharau, yaani bastola imekaa ndani ya nini, kidole kimelala wapi, na mdomo wa mtutu unamwelekea nani.

Natutazame yaliyompata Plaxico Burress, mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kimarekani wa timu ya New York Giants. Usiku mmoja wa Novemba mwaka 2008 aliingia katika klabu ya starehe mjini New York hali ameichomeka bastola yenye risasi katika kiuno cha suruali ya mazoezi, bila ya ala. Ikamteleza mguuni, naye, kama afanyavyo kila mwanadamu aonapo kitu chake kinaanguka, akaidaka, kidole kikakutana na kifyatulio, risasi ikampiga pajani. Adui hakuwapo. Na kwa kuwa hakuwa na kibali cha kuchukua silaha katika mji ule, mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Basi la kwanza ni ala. Iwe ngumu, isiyokunjamana, ifunike kifyatulio chote, na ishikamane na mkanda madhubuti. Kwani bastola nyingi za siku hizi hazina kizuizi cha kusukumwa kwa kidole gumba, na kinachoizuia risasi isitoke bila kukusudiwa ni ukuta wa ala pamoja na adabu ya kidole cha mwenyewe. (Ajifungaye kikoi, kisicho na mkanda, na aiache nyumbani.) Fauka ya hayo, hatari haimo katika kuitoa tu, imo pia katika kuirudisha, maana upindo wa shati au kamba ya koti huweza kuingia pamoja nayo na kukivuta kifyatulio mahali pa kidole. Kwa hiyo kuirudisha kuwe kwa taratibu, nguo imeondolewa kwa mkono wa pili, macho yanaitazama ala, kidole kimenyooka ubavuni mwa bastola. Hakuna aliyepata kuokoka kwa kuwahi kuirudisha.

Kanali Jeff Cooper, aliyefungua shule yake ya bastola huko Arizona mwaka 1976, alifundisha kanuni nne: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi; mtutu usielekezwe kwa kitu usichokuwa radhi kukiangamiza; kidole kisiguse kifyatulio mpaka umekwisha kulenga; na uijue shabaha yako pamoja na kilicho nyuma yake. Ile ya kwanza naona ndiyo isahauliwayo upesi, kwa kuwa mtu huchomoa magazini akadhani bastola i tupu, kumbe risasi moja imebaki chemba. Na azoee kuchomoa magazini kwanza, kisha aivute nyuma sehemu ya juu ya bastola, aitazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole, hata kama ameifanya kazi hiyo dakika moja iliyopita.

Wako wasemao kwamba hadhari yote hii humchelewesha mtu siku ya shari. Nawajibu kuwa kinachomchelewesha ni kukosa mazoea. Mwenye kuiweka leo kiunoni, kesho mfukoni, keshokutwa chini ya kiti cha gari, siku hiyo atababaika akiitafuta. Ama yule aiwekaye pahali pamoja kila siku, na akajizoeza mara kwa mara, bastola ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine, kuinua shati, kuishika barabara na kuitoa, mkono wake utaijua njia hata moyo ukienda mbio.

Na utayari ulio bora ni kuondoka mapema, njia ikiwapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humpa mtu haki ya kujitetea, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika tu. Anayegombana barabarani kwa sababu gari lake limekwaruzwa hana udhuru wa kupeleka mkono kiunoni, na ajijuaye kuwa ghadhabu zake zi karibu, au aendaye mahali pa ulevi, aifungie bastola katika kabati la chuma kabla ya kutoka, na ufunguo asiuache mtoto anapoufikia.