Gongo ya Kyerwa nayo ingepewa jina

Kuna picha ambayo msomaji wa magazeti ya Tanzania ameizoea. Askari wamesimama kando ya pipa lililojaa masizi, madumu ya njano yamepangwa mstari, na mtuhumiwa amechuchumaa akitazama chini. Maelezo yake hayabadiliki sana: zimekamatwa lita kadhaa za gongo pamoja na mtambo wa kuipikia. Picha hiyo ingeweza kupigwa Nkwenda au Kaisho wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, au kwenye kijiji chochote cha Karagwe ambako nyumba zimemezwa na migomba.

Machi 2019, nchini Marekani, ilizinduliwa pombe kali nyingine ambayo kanuni ya upishi wake ni ileile: chombo, moto, mvuke, bomba na maji baridi. Inaitwa Legent, na wapishi wake hawakuchuchumaa mbele ya mtu. Mmoja ni Fred Noe, wa kizazi cha saba cha ukoo wa Beam, watengenezaji wa wiski ya Bourbon katika jimbo la Kentucky. Mwingine ni Shinji Fukuyo, mchanganyaji mkuu wa kampuni ya Suntory ya Japani. Noe alitoa Bourbon yake. Fukuyo akaitenga: sehemu moja ikalazwa kwenye mapipa yaliyowahi kukaa mvinyo mwekundu wa California, nyingine kwenye mapipa ya mvinyo wa sheri, kisha akazirudisha pamoja na Bourbon ambayo haikuguswa. Kilichopatikana kina kilevi asilimia 47, na kwenye chupa majina ya wote wawili yanatajwa kwa fahari.

Biashara ndiyo iliyowakutanisha. Mwaka 2014 Suntory iliinunua kampuni ya Beam kwa takriban dola bilioni 16, madeni yakiwemo. Lakini ushirika huo una ladha yake pekee kwa anayekumbuka kwamba mataifa haya mawili yaliuana kuanzia Pearl Harbor mwaka 1941 hadi Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945.

Kwa nini jambo la Kentucky na Japani limhusu mkulima wa Kyerwa? Kwa sababu wote wawili, Mmarekani na Mjapani, walianzia pale alipo yeye leo, na njia waliyopita inajulikana.

Tuanze na Mjapani. Mwaka 1918 kijana Masataka Taketsuru alitumwa Scotland kujifunza upishi wa wiski. Alisoma Glasgow, akafanya kazi kwenye viwanda vya Waskoti huku akiandika kila alichokiona, akaoa mwanamke wa huko aitwaye Rita Cowan, kisha akarudi nyumbani na mke na madaftari. Mwaka 1923 mfanyabiashara Shinjiro Torii alianzisha kiwanda cha Yamazaki, karibu na Kyoto, na Taketsuru akawa fundi wake. Wiski yao ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1929, na Wajapani wakaikataa. Ilinuka moshi mno. Hawakufunga kiwanda. Taketsuru aliondoka akaanzisha chake huko Yoichi mwaka 1934, Torii akabaki akirekebisha ladha, na wiski ya Yamazaki ya mwaka 2013 iliyolazwa kwenye mapipa ya sheri ikaja kutajwa na mwandishi Jim Murray kuwa wiski bora duniani. Miaka tisini kutoka kiwanda kwenda kwenye sifa hiyo.

Mmarekani naye asionekane mtakatifu. Mwishoni mwa karne ya 19 wiski ya Marekani ilikuwa na aibu kama ya gongo leo. Wachuuzi walichanganya spiriti ya bei rahisi na juisi ya tumbaku, rangi na vitu vingine vya kutisha, wakaiuza kama wiski iliyozeeka. Serikali ingeweza kuvunja mitambo yote. Badala yake mwaka 1897 Bunge lilipitisha sheria: wiski itakayopikwa na mpishi mmoja, katika msimu mmoja, ikakaa kwenye ghala linalosimamiwa na serikali kwa miaka isiyopungua minne, na kujazwa ikiwa na kilevi asilimia 50, itapewa stempu ya serikali. Mnywaji akaona stempu, akajua. Wapishi waaminifu wakapata njia ya kuwashinda matapeli bila kupigana nao.

Baadaye ikaja marufuku ya pombe ya kuanzia 1920 hadi 1933. Ilileta majambazi na pombe ya sumu, ikafutwa. Na mwaka 1964 Bunge hilohilo likatamka kwamba Bourbon ni zao la pekee la Marekani. Isipotengenezwa Marekani, kwa nafaka ambayo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikalazwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, haiwezi kuitwa Bourbon. Ndiyo maana Fukuyo, pamoja na umahiri wake wote na fedha za mwajiri wake, ilibidi afuate jina lilipo. Mahindi yanalimwa kila mahali. Jina liko Marekani.

Sasa turudi kwenye migomba.

Ndizi za pombe si zile za kupika na maharage. Hukatwa zikiwa zimekomaa, hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba, au huwekwa juu ya jiko ili moshi na joto viziivishe. Zikishageuka njano na kulainika, humenywa na kutiwa kwenye mtumbwi, gogo lililochongwa mfano wa chombo cha kuvukia mto. Wanaume huingia miguu wazi wakazikanyaga pamoja na nyasi. Nyasi hukamata makapi, na juisi hutiririka nzito, tamu, ambayo hata mtoto hupewa kikombe. Huongezwa maji kiasi na mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na usiku kucha chombo hububujika chenyewe. Hiyo ndiyo rubisi. Hupelekwa ukweni kwenye kibuyu, hunywewa kwa mrija, na hakuna mzee wa Karagwe atakayekubali kwamba harusi imefanyika kama haikuwepo.

Ukiiacha ikakomaa zaidi, ukaimimina kwenye pipa, ukaziba vizuri na kupitisha bomba la shaba katikati ya maji, kinachodondoka upande wa pili ndicho askari anachokitafuta. Karibu na mpaka wa Uganda wengi hukiita waragi. Wahaya wa Bukoba wana neno jingine, enkonyagi, na hapa inafaa kusimama kidogo. Neno hilo lina asili yake katika Cognac, mji wa Ufaransa ambao brandi yake inalindwa kwa sheria kali: nje ya eneo lake hakuna anayeruhusiwa kulitumia jina. Likasafiri hadi kwenye migomba ya Kagera likawa jina la pombe ya ndizi. Kiwanda cha Dar es Salaam nacho kikaliweka kwenye chupa, na leo Konyagi inauzwa kwa leseni nchi nzima. Mfaransa ana jina lake, kiwanda kina jina lake. Mpishi wa Kagera, ambaye naye alilitumia neno hilo kijijini, anaitwa mtuhumiwa.

Hali hii ina historia. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, uliotiwa saini na mataifa ya wakoloni, ulipiga marufuku upishi wa pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, huku wenyewe wakiendelea kunywa wiski na brandi kwenye klabu zao. Tanganyika ilipopata uhuru haikuachana na katazo hilo. Sheria ya Moshi ya mwaka 1966 inamtia hatiani anayepika au hata kukutwa na moshi, yaani gongo, bila leseni, na hadi leo ndiyo inayosomwa mahakamani gongo inapokamatwa.

Uganda ilikuwa imechagua njia nyingine mwaka mmoja kabla. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 iliweka leseni kwa wapishi wa pombe ya kienyeji, na enguli yao ikauzwa kiwandani, ikapikwa upya, ikasafishwa na kutiwa kwenye chupa. Hapo ndipo ilipozaliwa Uganda Waragi, chapa ambayo leo Mganda akiwa London huinunua kwa kumbukumbu ya nyumbani. Wapishi wadogo waliobaki nje ya mfumo waliendelea kupika kimyakimya, hilo halifichwi. Lakini angalau nchi ilipata chupa yenye jina.

Mtu wa makini atauliza habari za sumu, na ana haki. Mwaka 2010 huko Kabale na wilaya za jirani, nchini Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyochanganywa methanoli. Mwaka huohuo Kenya ilihalalisha chang'aa, gongo ya kwao, kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo, na bado Mei 2014 makumi ya Wakenya wakafa kwa pombe ya sumu. Kwa hiyo karatasi ya leseni pekee haiokoi mtu. Tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya leseni. Methanoli iliyoua watu haikutoka kwenye ndizi. Ndizi hutoa chembe kidogo tu. Ilikuwa kemikali ya viwandani iliyomiminwa na mfanyabiashara mwenye haraka, na haraka hiyo hustawi pale ambapo mnunuzi hawezi kujua pombe imetoka kwa nani. Marekani ya 1897 ilijibu swali hilo kwa stempu na ghala. Kenya ya 2010 ilitunga sheria, ikachelewa kujenga ghala.

Kuna pia watakaosema kwamba mkoa hauhitaji pombe zaidi. Hoja hiyo ina uzito kwa Waislamu, kwa Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe, na kwa kila mke aliyewahi kusubiri mume na mshahara usiku. Lakini gongo ipo tayari. Viroba, pombe kali ya pakiti, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, kiu haikupigwa marufuku pamoja navyo. Gongo ikilazwa kwenye pipa kwa miaka mitatu, ikauzwa kwa bei ya pombe iliyolazwa miaka mitatu, haitakuwa kinywaji cha kijana asiye na kazi saa tatu asubuhi. Itakuwa bidhaa ya hoteli za Mwanza, Arusha na Kigali, na fedha yake itarudi shambani.

Tena nchi hii si ngeni kwa mambo hayo. Zabibu za Dodoma zina viwanda vya mvinyo. Arusha kuna Banana Investments, inayotengeneza kinywaji cha ndizi kiitwacho Raha na kukiuza kwenye chupa bila askari mlangoni. Bukoba kuna TANICA, iliyothibitisha zamani kwamba kahawa ya Kagera si lazima isafirishwe ikiwa mbichi. Na utafiti wa migomba uko karibu, kwenye kituo cha TARI Maruku, ambacho kazi yake imekuwa nzito tangu mnyauko wa bakteria uingie Kagera miaka ya 2000. Ugonjwa huo hushambulia vibaya zaidi aina fulani za ndizi za pombe, kwa sababu wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Mkulima anayejua kwamba shina lake lina soko la heshima atakumbuka kukata ua dume kwa wakati. Asiye na soko huliacha.

Lililobaki ni mshirika, na hapo Kyerwa ina bahati ambayo Kentucky haikuwa nayo. Japani na Kentucky zinatenganishwa na bahari ya Pasifiki. Murongo ya Kyerwa na Kikagati ya Uganda zinatenganishwa na Mto Kagera, na mto huohuo umekwisha kuziunganisha: tarehe 25 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan na Rais Yoweri Museveni walizindua hapo mtambo wa umeme wa megawati 14, ambao nchi mbili zinagawana nusu kwa nusu. Nchi hizi nazo zilipigana. Vita vya mwaka 1978 na 1979 viliuumiza mkoa wa Kagera kuliko mkoa mwingine wowote. Kama maji ya mto yaligawanywa kwa mita na mkataba, ndizi za kingo zake haziwezi kushindikana: Waganda walete uzoefu wa enguli na viwanda, Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa walete migomba na mkono wa rubisi, na mapipa yaliyotumika mara moja Marekani yanunuliwe, maana Bourbon hairuhusiwi kurudia pipa na hayo huuzwa duniani kote.

Jina litahitaji ulinzi kabla ya chupa ya kwanza. Zanzibar ina vifungu vya majina ya kijiografia katika sheria yake ya mali ya viwanda ya mwaka 2008. Bara haina sababu ya kubaki nyuma. Japani yenyewe ilichelewa. Hadi chama cha watengenezaji kilipotangaza kanuni zake mwaka 2021, wiski iliyotoka nchi nyingine iliweza kujazwa kwenye chupa huko na kuuzwa kama ya Kijapani, na walioumia ni wale waliopika kweli.

Kwa hiyo ombi ni kwa wabunge wa Karagwe na Kyerwa, nalo ni dogo. Waipeleke Sheria ya Moshi bungeni ifunguliwe, kiongezwe kipengele cha vyama vya ushirika vya wapishi wa ndizi vyenye mtambo mmoja wa pamoja, mpimaji wa Shirika la Viwango (TBS) na ghala lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja wa serikali. Wilaya zote mbili zina vyama vya kahawa vinavyojua kupima, kuandika na kulipa wanachama. Ghala la kwanza lijengwe Murongo, karibu na daraja la mpakani.