Reli ya zamani isigeuzwe chuma chakavu, iwabebe wafanyabiashara wa mpakani

Mfanyabiashara anayevuka Malaba alfajiri na mafurushi yake mawili anaijua hesabu moja isiyoandikwa katika daftari la forodha. Karatasi zake ziko sawa na muhuri umegongwa. Lakini faida yake huanza kupungua pale tu anapotoka getini. Kwanza bodaboda hadi stendi. Kisha matatu au taksi hadi mjini, na furushi nalo hulipiwa kiti. Halafu mchukuzi wa kuushusha mzigo. Akifika sokoni, wateja wa asubuhi wameshanunua kwa mwingine.

Hatusemi kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imelala. Utaratibu rahisi wa biashara unamwezesha mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuvuka kwa cheti chepesi cha uasili. Vituo vya pamoja vya mpakani vimefanya ukaguzi wa nchi mbili uwe wa mahali pamoja. Kazi iliyofanywa getini ni kubwa. Iliyobaki ni ile ya kutoka getini hadi sokoni, na hapo kila mtu ameachiwa ajipange mwenyewe.

Sasa nafasi imejitokeza. Oktoba 2024 Serikali ya Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki kujenga reli ya kisasa, SGR, ya umeme kutoka Malaba hadi Kampala, umbali wa kilomita zipatazo 270. Tunaiunga mkono kazi hiyo. Lakini tunauliza swali ambalo halijapewa uzito linaostahili: mizigo mikubwa itakapohamia kwenye reli mpya, ile ya zamani itafanya kazi gani?

Reli hiyo ni urithi wetu sote. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, na treni ikaingia Kampala mwaka 1931. Upana wake ni uleule Kenya na Uganda, kwa hiyo behewa linaweza kuvuka mpaka bila kubadilishwa chochote. Inapita Bungoma, Malaba na Tororo, na inaingia Kampala hadi karibu kabisa na maduka ya Kikuubo. Ardhi ipo na tuta lipo. Ikiachwa bila kazi, mwisho wake tunaujua: vyuma vitaishia kwa wanunuzi wa chakavu, na kwenye tuta vitaota vibanda.

Kuna mji uliowahi kukutana na swali kama hili. San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, iko jirani na mpaka wa Mexico. Mwaka 1976 dhoruba iliharibu sehemu ya reli ya mizigo ya eneo hilo, na kampuni iliyoimiliki ikataka kuachana nayo. Mwaka 1979 mamlaka ya usafiri ya hapo iliinunua kwa dola milioni 18 hivi. Haikuajiri wabunifu wa kubuni treni mpya. Ilinunua tramu za aina ambayo tayari ilikuwa inatembea Frankfurt, Ujerumani. Sehemu kubwa ya njia ilianza ikiwa ya reli moja tu, na ya pili ikaongezwa baadaye. Mchana reli ilibeba abiria, usiku ikabeba mizigo.

Julai 1981 tramu hiyo ilianza safari kutoka katikati ya mji hadi San Ysidro, hatua chache kutoka kivuko cha kwenda Tijuana. Njia nzima ya kilomita zipatazo 25 iligharimu dola milioni 86 kwa thamani ya fedha ya wakati huo, bila senti ya serikali kuu ya Washington. Hadi leo inawabeba wafanyakazi, wanafunzi na wachuuzi wanaovuka mpaka kila siku. Gharama ilikuwa ndogo kwa sababu walianza na kile walichokuwa nacho.

Mfano wa pili uko karibu nasi, na tunautaja ili utuonye. Addis Ababa ilifungua reli nyepesi Septemba 2015, yenye njia mbili na urefu wa kilomita 34 hivi. Iligharimu takriban dola milioni 475, na asilimia 85 ya fedha hizo ulikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Nauli ilikuwa ndogo na watu wakaijaza. Lakini vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na nauli haikutosha kuvinunua. Miaka ikapita, na zaidi ya nusu ya tramu 41 zikaegeshwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kosa halikuwa nauli nafuu. Kosa lilikuwa kuahidi nauli nafuu bila kutenga fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza.

Na sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzisha treni za mjini juu ya reli zilizokuwepo, na wananchi wakaipa mojawapo jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, treni ya Mwakyembe. Kampala ilianzisha treni ya abiria hadi Namanve Desemba 2015. Hiyo ya Kampala imesimama na kuanza tena zaidi ya mara moja, na mfanyabiashara hawezi kupanga safari kwa treni asiyojua kama kesho itakuwepo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, Kenya na Uganda zikubaliane kuendesha treni nyepesi za abiria kati ya Bungoma, Malaba na Tororo, asubuhi na jioni, zikianza na mabehewa yenye injini ya dizeli. Umeme utafuata uwezo ukiruhusu. Ukaguzi ufanyike mara moja Malaba, katika kituo cha pamoja kilichopo. Pili, kila treni iwe na behewa la mizigo midogo, na bei ya furushi ibandikwe ukutani, isiwe ya kubembelezana na kondakta. Tatu, fungu la vipuri liwekwe ndani ya mkataba wenyewe. Nne, sheria itamke kwamba njia ya reli ya zamani haitauzwa wala kugawiwa SGR itakapokamilika.

Watakaosema mabasi yanatosha wana hoja, na pale pasipo na reli tunakubaliana nao. Lakini penye tuta tayari, hakuna fidia kubwa ya ardhi ya kulipa, na treni moja hubeba watu wa matatu nyingi bila kukwama nyuma ya foleni ya malori. Wenye bodaboda na matatu nao hawatakufa njaa. Kila stesheni itakuwa stendi mpya, na abiria anayeshuka na mzigo bado atahitaji kufikishwa dukani.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana sehemu yao. Vyama vyenu huitwa kwenye vikao vya forodha, na huko mnaulizwa kuhusu ushuru na vibali. Safari hii ulizeni ninyi: reli ya zamani mmeipangia nini? Lisiposemwa sasa wakati mikataba inaandikwa, tutakuja kulisema wakati vyuma vimekwisha pimwa kwenye mizani.