Si kila boma lenye upepo linafaa mtambo wa umeme

GIZA lililoikumba nchi nzima mnamo Agosti 25, 2023, na kurejea Novemba na Desemba mwaka uo huo, liliwakumbusha Wakenya kwamba kuwa na mita ya stima si sawa na kuwa na stima. Ndiposa mwenye shamba mahali palipoinuka, akisikia mabati yakipiga kelele usiku, huanza kujiuliza: mbona upepo huu usiniwashie taa?

Wazo hilo lina mashiko. Huko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya mradi wa Lake Turkana Wind Power ina uwezo wa kuzalisha megawati 310. Hata hivyo, mfano huo huo ndio unaowapotosha wengi. Upepo wa huko hubanwa baina ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, ukapita kwa kasi isiyopatikana kwingi duniani. Isitoshe, kitovu cha mapanga ya kila mtambo kiko mita 44 juu ya ardhi. Aliyejenga Ruiru au Kakamega hana upepo huo wala mlingoti huo.

Suala zima ni kasi. Upepo ukivuma kwa kasi maradufu, nguvu zake huongezeka si mara mbili bali mara nane. Tuchukue mtambo mdogo ambao mapanga yake yana kipenyo cha mita mbili. Muuzaji atasema ni wa kilowati moja. Hadanganyi, ila anazungumzia upepo wa mita 12 hivi kwa sekunde, ule unaotikisa matawi makubwa na kumtatiza mwenye mwavuli. Mahali ambapo wastani ni mita nne kwa sekunde, mtambo huo utazalisha takriban yuniti moja kwa siku. Paneli moja ya sola ya wati 400 hutoa yuniti moja na nusu au hata mbili, tena haina beringi ya kulika wala panga la kupasuka. Mkopo wa chama cha akiba uliochukuliwa kwa tamaa ya kilowati moja hulipwa vivyo hivyo, mapanga yazunguke yasizunguke.

Kisha kuna ploti yenyewe. Inapendekezwa kwamba ncha ya chini ya mapanga iwe angalau mita tisa juu ya chochote kilicho umbali wa mita 150 kutoka mlingotini. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 pekee. Mlingoti unaofaa ukianguka, utaangukia paa la jirani. Naye jirani huyo aweza kuinua ghorofa nne mwaka ujao, upepo wako ukaishia ukutani kwake. Kuufunga mtambo juu ya paa la nyumba ni kujitafutia mtetemo na kelele kwa umeme kiduchu, kwa kuwa upepo hapo huvurugika. Mashambani nako, mikaratusi haikomi kurefuka.

Pwani, wenyeji wanajua kwamba kusi na kaskazi zina misimu yake, na baina yake huja tangambili, siku za shwari. Chumvi nayo haina huruma kwa chuma.

Wanaofaidika wapo. Zahanati, shule au boma la wafugaji katika uwanda wazi wa Marsabit, au kwenye ukingo wa vilima vya Kajiado, mbali na nyaya za umeme, laweza kuoanisha upepo na sola. Kando ya Ziwa Turkana upepo huvuma zaidi usiku, wakati paneli zimelala, hivyo betri hazitegemei jua pekee. Lakini hata huko lazima awepo fundi wa karibu, na mlingoti wenye bawaba unaoweza kulazwa chini ili ukarabatiwe.

Anayedhani yumo katika kundi hilo aanze kwa kutazama ramani ya upepo ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Denmark na Benki ya Dunia, iliyo bure kwenye intaneti. Asome takwimu za kimo cha mita 10, si zile za mita 100 zinazopendeza macho. Zikikaribia mita tano kwa sekunde au kuzidi, asimamishe kipima-upepo palepale anapokusudia mlingoti, kwa kimo kile kile, na akiache mwaka mzima. Zikiwa chini ya nne, fedha hizo zinunue paneli.